Tunaongea na Beijing na Washington kila siku. Na Namanga je?

Mama Kitunguu, Marikiti (mwenye uzi)

Ndugu zangu, hamjambo. Uzi huu nimeuandika vipande vipande kwa siku tatu, nikiwa nimekaa juu ya neti za vitunguu kati ya mteja na mteja, kwa hivyo mkiona nimeruka hapa na pale mnivumilie.

Kila nikishika simu nakuta watu wanabishana kama Kenya iegemee Marekani au China. Marekani ilipotupa hadhi ya mshirika mkuu asiye wa NATO mnamo Juni 2024, mkagawanyika. Muda wa AGOA, sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, ulipoisha tarehe 30 Septemba 2025, mkagawanyika tena. Sisemi mambo hayo ni madogo. Wako dada zetu wanaoshona nguo Athi River kwa ajili ya soko la Marekani, na hiyo ni sahani ya watoto wao. Ila mimi nina miaka 14 hapa soko la Marikiti, Nairobi, na sijawahi kulala na deni kichwani kwa sababu ya Washington wala Beijing. Nimelala nalo kwa sababu ya Namanga, mpaka wetu na Tanzania ulio kilomita 160 hivi kutoka hapa nilipokaa.

Vitunguu vyangu vingi vinatoka Mang'ola, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, wilaya ya Karatu, Tanzania. Mkila kachumbari Nairobi, kuna uwezekano mkubwa mmekula kitunguu cha Mang'ola hata kama jina hamlijui. Ni chekundu, kimekaza, kinalia kikikatwa. Lori likifika saa kumi alfajiri, kabla sijatoa shilingi, nafungua neti ya katikati, si ya juu, natoa kimoja na kukiminya shingo kwa kidole gumba. Shingo ikiwa imekauka na kufunga, hicho kitakaa wiki nyingi. Ikibonyea, ndani kuna maji, na baada ya siku nne neti nzima itanuka.

Mwaka juzi neti zangu 210 zilikaa mpakani siku 5. Makaratasi yalikuwa kamili: cheti cha asili ya bidhaa, cheti cha afya ya mimea, risiti. Afisa wa ofisi moja akasema fomu imebadilishwa wiki ile, tulete mpya. Ofisi ya upande wa pili ikasema fomu mpya haijawafikia. Dereva akalala chini ya lori. Ilikuwa msimu wa mvua, na turubai likifungwa siku zote hizo kitunguu kinakosa hewa. Lilipofika Nairobi niliisikia harufu kabla ya kamba kufunguliwa. Tulikaa chini na wanangu wawili, tukachambua kimoja kimoja hadi usiku wa manane, mikono imekuwa na utelezi hadi viwiko. Neti 83 tulizimwaga. Pesa zilikuwa za chama chetu cha kuweka na kukopeshana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Na nilichokiona ni hiki: uhusiano wa nje unaoamua kama mtoto wa Eastlands atarudi shule muhula ujao ni ule wa Nairobi na Dodoma, na wa Nairobi na Kampala. Ndio tunaoutunza vibaya kuliko mwingine wowote.

Angalieni mlolongo wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1967, ikavunjika 1977. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Wazee wa Namanga na Taveta wanaikumbuka miaka hiyo, ndugu wa boma moja wametengwa na kizuizi. Mkataba mpya ukatiwa saini Arusha 30 Novemba 1999, umoja wa forodha ukaanza 2005, soko la pamoja 2010. Leo wanachama ni nane, hadi Kongo na Somalia wamo. Kwenye karatasi mimi na mkulima wa Mang'ola ni watu wa soko moja.

Lakini mwaka 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto na Tanzania pale Namanga, na ng'ombe 1,300 wa wafugaji wetu Wamaasai wakapigwa mnada upande wa pili. Sisi nasi 2020 tukakamata maziwa ya Uganda. Machi 2021 tukapiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumu ya kuvu, kisha baada ya siku chache tukalegeza kwa masharti. Mei 2021 Rais Samia akaja, akahutubia Bunge letu, na kwa kweli mambo yakawa mepesi; nilikuwa nikipata lori mbili kwa wiki. Halafu Julai 2025 Tanzania ikatoa orodha ya biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Kununua mazao shambani! Ndiyo kazi yangu hiyo. Nilikuwa nakwenda Mang'ola mwenyewe, nakaa na mama mwenye shamba, tunapatana bei kwenye kivuli cha mgunga. Sasa lazima nipitie kwa dalali, na dalali anakula pande zote mbili, kwangu na kwa yule mama.

Huo ndio uzi wangu. Karibuni.

Dereva wa Malaba

Mama, umesema. Mimi nabeba makontena ya Kampala tangu 2009, na nataka niongeze habari ya reli, maana hapo ndipo watu hawaunganishi mambo.

Reli ya SGR ilizinduliwa 31 Mei 2017, Mombasa hadi Nairobi, shilingi bilioni 327, karibu yote mkopo wa Benki ya Exim ya China. Kila mtu anajua deni. Wachache wanakumbuka kwamba reli ile haikuwa ya Nairobi. Mwaka 2013 na 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana ifike Kampala, hadi Kigali. Mzigo wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo ndio ungeilipa. Kisha makubaliano yakalegea. Mwaka 2016 Uganda ikaamua mafuta yake ya Hoima yapite bandari ya Tanga kule Tanzania, si Lamu kwetu. Reli yetu ikafika Suswa 2019 na kusimama pale kwenye vumbi la Narok. Kontena la Kampala linashushwa, linawekwa tena kwenye reli ya zamani au kwenye lori kama langu. Oktoba 2024 Uganda ikasaini na kampuni ya Uturuki ijenge ya kwao kutoka Malaba, mpakani kwetu na Uganda.

Kwa hivyo mkitukana China kuhusu deni, sawa, riba ni riba. Lakini mkopo ule ulichukuliwa kwa hesabu ya mzigo wa jirani, na jirani hatukumshika mkono mpaka mwisho. Hapo ndipo hesabu ilipoharibikia.

Mama Kitunguu, Marikiti

Dereva, ubarikiwe. Hilo la Suswa limenikaa moyoni, kwa sababu kuna jambo lingine linaloishia Suswa hiyo hiyo. Njia ya umeme kutoka Wolayta Sodo, Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,000, inafika pale. Novemba 2022 tulianza kununua megawati 200 za umeme wa maji kutoka kwao. Yaani mahali pamoja, upande mmoja reli iliyokatika kwa sababu majirani walishindwa kupatana, upande mwingine waya unaoleta mwanga kwa sababu majirani wawili walipatana bei na muda na kila mmoja akashika neno lake. Jokofu la muuza samaki hapa jirani yangu lina kipande cha maji ya Ethiopia ndani yake.

Kijana wa Kayole

Mathe, heshima kwako. Lakini naona mnazunguka. Shida ya Afrika ni viongozi wanaopokea amri kutoka nje. Tulitoka barabarani 25 Juni 2024 kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na ule mswada ulikuwa wa kulipa madeni ya nje na kuridhisha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Wenzetu walipigwa risasi. Rais akakataa kuutia saini siku iliyofuata, lakini waliokufa hawakurudi. Sasa tazama Sahel. Mali, Burkina Faso na Niger zimewafukuza Wafaransa, zimeunda muungano wao, zimetoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025. Huo ndio uhuru. Sisi tunahesabu vitunguu.

Mama Kitunguu, Marikiti

Mwanangu, siku ile ya 25 Juni nilifunga kibanda saa nne asubuhi, na niliwapa vijana waliopita maji na limau kwa ajili ya macho. Mwana wangu wa pili alikuwa miongoni mwenu. Kwa hivyo uchungu huo naujua, na kuhusu deni uko sahihi. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili ilipe hatifungani ya 2014, mkopo wa nje uliokuwa unafika muda wa kulipwa. Kukopa ili kulipa. Mama mboga akifanya hivyo kwenye chama, wenzake humwita kikao.

Na Wafaransa kuondoka, sina machozi nao. Wametoka Mali, Niger, Chad, na Julai 2025 wakakabidhi kambi ya mwisho Senegal, ambako hakukuwa na mapinduzi. Wananchi walipiga kura wakapata serikali iliyotaka hivyo.

Lakini ngoja nikuhesabie vitunguu kwelikweli. Niger ina kitunguu kinaitwa Galmi, cha rangi ya zambarau, kinajulikana Afrika Magharibi nzima kama Mang'ola inavyojulikana hapa. Kinauzwa Ghana, Kodivaa, Benin. Baada ya mapinduzi ya Julai 2023, ECOWAS ikafunga mipaka. Malori yakapanga foleni Malanville, kwenye Mto Niger, mpakani na Benin. Nilizitazama picha zile kwenye simu nikaona turubai kama langu, madereva wamelala chini ya lori kama wangu. Waliofunga walisema wanamwadhibu jenerali aliyepindua serikali. Jenerali hakulala njaa. Aliyemwaga mzigo ni mwanamke kama mimi, na bei ya kitunguu ikapanda kwa mnunuzi wa upande wa pili ambaye hata jina la jenerali hajui.

Nchi zile tatu hazina bahari. Amfukuze nani, asimfukuze nani, mwisho wa siku mzigo wake utapita bandari ya jirani, kama Lomé, Cotonou, Tema au Abidjan. Kwa hivyo hata mwanamapinduzi anarudi kwenye swali langu: anaishije na jirani yake?

Mkulima wa Kieni

Nimesoma yote nimenyamaza, lakini sasa naongea. Nyinyi wafanyabiashara wa Nairobi mnajali lori lenu tu. Mimi ni mkulima wa vitunguu Kieni, Nyeri. Nanunua mbegu ghali, mbolea ghali, nanyunyizia kwa jenereta. Nikianza kuvuna, malori ya Mang'ola yanaingia Nairobi na bei inaanguka wiki hiyo hiyo. Madalali wananiambia kitunguu changu kina maji, cha Tanzania ndicho kikavu. Msimu uliopita niliuza kwa hasara na ekari moja niliacha ioze ardhini. Mpaka unaoulilia wewe uwe wazi ndio unaonimaliza mimi. Je, mimi si Mkenya? Serikali isipomlinda mkulima wake, ni ya nani?

Binti wa Arusha, South B

Shikamoo mama Kitunguu. Shikamoo mzee wa Kieni. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya kusuka nywele hapa Nairobi mwaka wa nne. Ile orodha ya biashara 15 ilipotoka nyumbani, saluni ilikuwemo, na baadhi ya wateja wangu hapa walianza kuniuliza kwa ukali, mbona kwenu mnafukuza wetu? Kama vile mimi ndiye niliyetia saini. Wiki mbili nilikuwa naogopa kuzungumza kwenye matatu wasije wakanijua kwa lafudhi.

Nataka tu mjue kwamba kwetu pia wapo wanaoumia. Mjomba wangu analima Mang'ola. Wanunuzi wa Kenya wasipofika shambani, dalali wa pale anampa bei anayotaka yeye, maana hana mshindani. Walisema sheria ile ni ya kumlinda mzawa. Dalali ni mzawa, mjomba naye ni mzawa. Aliyelindwa ni mmoja.

Na jambo moja dogo. Mganda anaingia Nairobi kwa kitambulisho chake cha taifa tangu 2014, Mnyarwanda pia. Mimi nahitaji pasipoti au ile hati ya muda, na kwetu tunapakana, tunasemezana Kiswahili kimoja.

Mama Kitunguu, Marikiti

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa yaliyokupata kwenye matatu. Pita Marikiti siku moja tunywe chai.

Mzee wa Kieni, nimekaa na maneno yako usiku mzima kabla ya kujibu. Sitakudanganya kwamba hayana uzito. Nilipoanza uzi huu sikuandika hata sentensi moja kuhusu mkulima wa Kenya, na hilo lilikuwa kosa langu. Anayesema soko la pamoja halina anayeumia hajawahi kuvuna ekari moja ikakosa mnunuzi.

Lakini naomba tutazame vizuri ni nini kinachokuumiza. Mkulima wa Mang'ola anatumia maji ya chemchemi yanayotiririka kwenye mifereji, wewe unasukuma maji kwa jenereta ya dizeli. Yeye anakianika kitunguu juani na kwenye upepo mkavu wa Eyasi hadi shingo ikafunga, wewe unavuna kwenye baridi ya Mlima Kenya, mara nyingi mvua inakaribia, na huna banda la kukaushia, kwa hivyo unauza siku ya tatu kwa bei yoyote. Nimepokea kitunguu cha Kieni mara nyingi. Ladha haina shida hata kidogo. Shida ni ile shingo. Mimi nikiminya ikabonyea, siwezi kukinunua cha kukaa, nakinunua cha kuuza leo, na bei ya leo ni ya chini. Kufunga Namanga hakutakukaushia kitunguu. Banda la mbao lenye upepo litakukaushia, na umeme wa bei nafuu kuliko dizeli utakupunguzia gharama. Kaunti ikikujengea hayo, utakutana na Mang'ola sokoni mkiwa sawa.

Na nikuulize kwa heshima: unapouliza serikali imlinde mkulima kwa kufunga, unajua itafunga lini? Serikali zetu hazifungi mpaka wakati wa mavuno yako na kufungua wakati wa kiangazi, kwa kalenda iliyotangazwa mapema mimi na wewe tukaijua. Kama ingekuwa hivyo ningeiunga mkono leo hii. Zinafunga kwa hasira. Ndege ya huku imenyimwa ruhusa, basi mahindi ya kule yazuiwe. Agosti 2020 ilikuwa ndege na korona. Januari 2024 ilikuwa ndege tena, habari ya mizigo. Kila mara maofisa wanakaa, wanapeana mikono, picha inapigwa, na hakuna anayehesabu kilichooza katikati. Mfungo wa hasira haukulindi wewe, maana hujui utakuja lini wala utaondoka lini. Utapanda kwa kuutegemea, kisha wiki ya mavuno utasikia mawaziri wamepatana.

Haya ya fomu yana dawa na dawa yenyewe ipo. Kituo cha pamoja cha mpakani Namanga kilifunguliwa rasmi Desemba 2018 na marais wote wawili, ili maafisa wa nchi mbili wakae chini ya paa moja. Mzigo wa chini ya dola 2,000 uliolimwa ndani ya jumuiya una cheti chake chepesi, ambacho mama mwenye biashara ndogo anajaziwa hapo hapo. Nilipokuwa na neti 40 nilikitumia na nilivuka kwa saa mbili. Paa la pamoja tunalo. Kinachokosekana ni kwamba karatasi ikibadilishwa Nairobi, Dodoma iambiwe kabla, na kinyume chake.

Tena kuna hili linalonikera zaidi. Desemba 2023 tulitia saini mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya, hapa hapa Nairobi, na Julai 2024 ukaanza kazi. Ulijadiliwa kama wa jumuiya nzima, wenzetu wakasita, sisi tukaendelea peke yetu. Naelewa kwa nini: maua na parachichi zetu zinauzwa kule, hatungeweza kungoja milele. Lakini fikirieni: ua la Naivasha lina mkataba uliopigwa msasa kwa miaka mingi, kila ibara, na mwanasheria wake Brussels. Kitunguu cha Mang'ola kinachokuja Nairobi kinategemea kama waziri ameamka vizuri. Na ule mkataba wa soko huru la bara zima, uliosainiwa Kigali Machi 2018, Kenya na Ghana tulikuwa wa kwanza kuuridhia. Tulikimbilia kufungua soko la bara zima ilhali lango la Namanga bado linafungwa na kufunguliwa. Biashara ya Waafrika kwa Waafrika ni takriban asilimia 15 tu ya biashara yetu yote. Mimi siishangai namba hiyo. Nimeinusa chini ya turubai.

Dereva wa Malaba

Mama, hilo la kalenda lipelekwe kwa wabunge wa Arusha, wale wa jumuiya. Mzee wa Kieni akijua miezi yake, na wewe ukajua yako, hata mimi dereva nitajua lini nikatafute mzigo wa Kampala.

Mkulima wa Kieni

Mama Kitunguu, umenijibu kwa adabu na nimekusikia. Bado sikubaliani nawe kuhusu kufungua tu. Lakini la banda ni kweli. Jirani yangu alijenga la mbao na waya mwaka jana, vitunguu vyake vilikaa miezi miwili na akauza wakati bei imepanda. Mimi nilimcheka kwamba anapoteza mbao.

Nina magunia 30 ambayo nimeanika chini ya paa la zizi tangu mwezi uliopita. Sijui shingo zake zitakuambia nini.

Mama Kitunguu, Marikiti

Mzee, lete magunia matatu ya mfano Jumanne, ufike kabla ya saa kumi na moja alfajiri, lori la Mang'ola likiwa bado linashushwa. Uliza kibanda cha mama mwenye mwavuli wa kijani, upande wa lango la mikokoteni. Nitaviweka vyako na vyao kwenye turubai moja, uminye mwenyewe kwa kidole chako, na bei tutaipanga papo hapo bila dalali.